Kuifunga Yom Kippur: mwongozo kamili, kuanzia mwezi mmoja kabla hadi usiku wa kufungulia

Anayejiandaa kufunga Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, kwa mara ya kwanza kwa kawaida huuliza habari za njaa: nitaweza kweli kukaa saa 25 bila chakula wala maji? Ni swali la haki na nitalijibu kwa kirefu. Lakini waliofunga miaka mingi watakuambia kwamba tumbo ndilo sehemu nyepesi. Kazi nzito ya siku hii hufanyika kabla jua halijazama, kwa miguu, milangoni mwa watu uliowakosea. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sura ya nane ya kitabu chake cha Yoma, imelisema hilo bila kuzunguka: makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyafunika, makosa yaliyo kati ya mtu na mwenzake, Yom Kippur haiyafuniki mpaka amridhishe mwenzake.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mbali kidogo na sinagogi. Nimewaandikia Wayahudi wanaosoma Kiswahili popote walipo: Nairobi, ambako jumuiya imekuwapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita; Lubumbashi, ambako Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walikuja kuishi na kufanya biashara; Mbale nchini Uganda kwa Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919; na ughaibuni. Nimewafikiria pia wanaojifunza ili waingie katika dini hii, na ndugu au marafiki wanaotaka kumsindikiza mtu wao siku hiyo bila kumkwaza.

Siku na saa

Siku ya Upatanisho huangukia tarehe 10 ya mwezi wa Tishri wa kalenda ya Kiyahudi, siku ya kumi tangu mwaka mpya, Rosh Hashana. Agizo lake limo katika Walawi sura ya 16 na ya 23, na katika Hesabu sura ya 29: pumzikeni kazi zote na mzitese nafsi zenu, kuanzia jioni hadi jioni. Kwa kalenda ya kawaida tarehe hubadilika. Mwaka 2026 saumu inaanza Jumapili tarehe 20 Septemba jioni na kwisha Jumatatu tarehe 21 usiku. Mwaka 2027 ni kuanzia Jumapili tarehe 10 Oktoba hadi Jumatatu tarehe 11. Mwaka 2028 inaanza Ijumaa tarehe 29 Septemba na kumalizika Jumamosi tarehe 30. Ikiangukia Sabato, kama mwaka huo, inafungwa vilevile; hakuna saumu nyingine yenye nguvu hiyo.

Aliyekulia Pwani au aliyezungukwa na majirani Waislamu asiipime kwa kipimo cha Ramadhani. Hapa hakuna daku. Ukishafunga kabla ya jua kuzama, huli wala hunywi usiku ule wote, wala mchana unaofuata, mpaka nyota tatu zionekane. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna nafuu moja: jua letu halichelewi wala haliwahi sana, na giza huingia haraka. Nairobi mwishoni mwa Septemba jua huzama kwenye saa 12:30 jioni. Mishumaa huwashwa takriban dakika 18 kabla, na saumu huisha kesho yake saa 1 usiku na dakika chache. Tafuta ratiba ya mji wako mapema, maana Mbale, Dar es Salaam na Lubumbashi hazilingani na Nairobi.

Mwezi wa Eluli: andika daftari

Mwezi mzima kabla ya Rosh Hashana, yaani Eluli, umetengwa kwa maandalizi. Katika jumuiya nyingi pembe ya kondoo dume, shofari, hupigwa baada ya sala ya asubuhi, isipokuwa siku ya Sabato. Wasefaradi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, husoma sala za kuomba msamaha, Selihoti, karibu mwezi wote kabla ya alfajiri. Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huanza usiku wa Jumamosi unaoitangulia Rosh Hashana, au wiki moja nyuma zaidi kama siku zilizobaki ni chache.

Usipokuwa na sinagogi karibu, bado kuna jambo unaloweza kufanya. Chukua daftari. Upande mmoja andika watu: wa nyumbani, wa kazini, majirani, uliokosana nao, uliowakopa, uliowasema vibaya wasipokuwepo. Upande wa pili andika tendo lenyewe kwa jina lake. Si “sikuwa mwema kwa dada”, bali “dada aliniomba nimpeleke mama hospitali, nikasema nina kazi, na kazi haikuwepo”. Kosa lisilotajwa haliombewi radhi, linazungukwa tu.

Rabi Moshe ben Maimon, aliyeishi karne ya kumi na mbili, alizipanga sheria za toba kwa uwazi ambao mpaka leo haujapitwa. Mkosaji anaacha tendo, analijutia, anaazimia kutolirudia, na anaungama kwa kinywa chake. Kama amechukua mali ya mtu, anairudisha. Toba kamili, anasema, huonekana pale mtu anapokutana tena na jambo lile lile, akiwa na uwezo ule ule wa kulifanya, asilifanye kwa sababu ametubu, si kwa kuogopa wala kwa kukosa nguvu. Ukiyashika hayo utajua kila mstari wa daftari lako umefika wapi.

Siku kumi: kwenda kuomba radhi

Kati ya Rosh Hashana na Yom Kippur kuna Siku Kumi za Toba, ukizihesabu pamoja na sikukuu zenyewe. Tunasema kwamba Rosh Hashana hukumu huandikwa, na Yom Kippur hutiwa muhuri. Muda kati ya kalamu na muhuri ndio wa kutembea.

Siku hizi imezuka desturi ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wote kwenye simu: “Kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe.” Sioni dhambi kuutuma, lakini usiuhesabu kuwa umeomba radhi. Aliyeumizwa anataka kujua kwamba unajua. Nenda kwake, au mpigie ukiwa umetulia, umwambie tendo lenyewe. Kwa mtu mzima unaweza kusema hivi: “Shikamoo baba mdogo. Nimekuja kwa jambo langu. Mwaka huu, kwenye kikao cha ukoo, nilikujibu mbele ya watoto kwa namna isiyofaa. Nilikosa adabu. Naomba unisamehe.” Ukimaliza hapo, nyamaza. Usiongeze “lakini na wewe”. Usieleze ulivyokuwa umechoka siku ile. Kama kuna maelezo, atakuuliza mwenyewe.

Deni lina utaratibu wake: pesa kwanza, maneno baadaye. Ulichokopa kilipe, hata kama ni kwa awamu, hata kama ni kwa M-Pesa usiku wa mwisho, na kama huna, nenda ukaseme huna na utaje siku utakayolipa. Mshahara wa msaidizi wa nyumbani uliocheleweshwa, kodi ya mpangaji uliyemzidishia, chenji uliyojua kwamba imezidi ukanyamaza: vyote vimo humu. Anayefunga huku ameshikilia jasho la mtu atausikia mchana wa siku ile ile unabii wa Isaya ukimsoma yeye.

Je, akikataa kukusamehe? Sheria inakutaka urudi hadi mara tatu, kila mara pamoja na watu watatu, kwa maneno tofauti. Baada ya hapo umefanya lililokupasa. Lakini kwa mwalimu wako hakuna kikomo. Unarudi mpaka akuridhie. Kama uliyemkosea ameshafariki, unakwenda kaburini kwake na watu kumi, unasema mbele yao: nimemkosea Mungu wa Israeli na mtu huyu, kwa kumfanyia jambo hili. Kama alikufa akikudai, mlipe mrithi.

Kuna mahali pa kusita. Ulipomsengenya mtu na habari haijamfikia, kumweleza kunaweza kuwa kumchoma upya. Waulize wenye busara kabla ya kwenda, na kazi yako kubwa iwe kuwarudia wale uliowapa maneno hayo. Kwa upande wa anayeombwa, wahenga wetu wanamkemea mwenye moyo mgumu asiyetaka kusamehe. Wakati huo huo sheria inamruhusu aliyechafuliwa jina kwa uongo asisamehe, kwa kuwa uongo ukishasambaa haukusanyiki tena. Nami naongeza kwa uzito wote: mtu asimshurutishe mke aliyepigwa au mtoto aliyeumizwa kutamka msamaha kwa sababu tu kalenda imefika. Usalama wake kwanza.

Wiki ya mwisho: mwili

Maumivu ya kichwa yanayowaangusha wengi saa tano asubuhi mara nyingi hayatoki kwenye njaa, yanatoka kwenye chai na kahawa zilizokatwa ghafla. Punguza kidogo kidogo kuanzia wiki moja kabla: vikombe vitatu viwe viwili, viwili viwe kimoja, kisha chepesi. Siku mbili za mwisho kunywa maji mara kwa mara kutwa nzima. Kubugia lita nzima dakika tano kabla ya jua kuzama hakufai, utayapoteza yote usiku.

Anayetumia dawa au mwenye ugonjwa amwone daktari na azungumze na rabi wake sasa, si mkesha wa siku yenyewe. Nitalieleza hilo hapa kwa ukamilifu, kwa sababu watu huumia kwa kulichukulia kama udhaifu wa imani.

Kuokoa uhai kunaitangulia Yom Kippur. Si ruhusa ya shingo upande, ni amri. Mishna inasema mgonjwa hulishwa kwa neno la wataalamu, na kama hakuna wataalamu, hulishwa kwa neno lake mwenyewe akisema nahitaji. Mgonjwa aliyeambiwa na daktari ale, akafunga, hajapata thawabu yoyote. Mwanamke aliye ndani ya siku tatu baada ya kujifungua hafungi kabisa, na hadi siku ya saba akisema anahitaji kula, analishwa. Mjamzito mwenye afya kwa kawaida hufunga, lakini akisikia kizunguzungu, uchungu, au mtoto kutocheza kama kawaida, anakunywa mara moja na kutafuta msaada. Anayenyonyesha aongee na daktari na rabi mapema. Mwenye kisukari anayechoma insulini, anayetumia dawa za kufubaza VVU au za kifua kikuu, mwenye figo au moyo mgonjwa: dawa isikatwe kwa ajili ya saumu. Homa ya malaria ikikupata siku hiyo hiyo, kunywa dawa yako na maji yake.

Kwa ambao daktari anaona wanaweza kula kidogo kidogo, sheria ina njia ya vipimo. Mlo unaohesabiwa kuwa kosa kamili umepimwa kwa tende kubwa pamoja na kokwa yake, na kinywaji kwa kiasi kinachojaza shavu moja. Mgonjwa hupewa chini ya hapo, kisha akasubiri. Marabi wengi hutumia chakula kisichofika mililita 30 na kinywaji kisichofika mililita 40 kwa mtu mzima wa wastani, kikirudiwa kila baada ya dakika tisa. Tayarisha kikombe kidogo cha dawa ya watoto kilichowekewa alama, kabla siku haijaanza. Lakini kama daktari amesema unywe bilauri nzima, kunywa bilauri nzima.

Watoto chini ya miaka tisa wasifungishwe hata wakililia. Baada ya hapo wanazoezwa kwa kuchelewesha kifungua kinywa saa moja, mwaka unaofuata saa mbili. Msichana hufunga kamili akitimiza miaka 12, mvulana 13.

Tarehe 9: siku ya kula

Kula siku ya mkesha ni amri kama ilivyo kufunga kesho yake. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema anayekula na kunywa tarehe 9 anahesabiwa kana kwamba amefunga siku zote mbili. Kwa hiyo usijidhoofishe mapema ukidhani unafanya ucha Mungu.

Asubuhi wengine hufanya kaparoti, tendo la mfano la kufidia makosa. Zamani alizungushwa kuku juu ya kichwa, akachinjwa na kupewa maskini. Leo wengi hutumia pesa, na ndivyo ninavyoshauri. Ninaipenda pia hesabu hii: piga gharama ya milo yote ambayo nyumba yenu haitapika kesho, na uitoe sadaka leo, kwa mtu mwenye njaa anayejulikana kwenu. Wanaume wengi huenda kuzama kwenye mikve, kidimbwi cha kujitakasa, au kuoga vizuri kama haipo. Sala ya alasiri siku hii husaliwa mapema, na ndani yake ungamo la kwanza hutamkwa kabla hata ya chakula cha mwisho, isije mtu akapatwa na jambo mezani kabla hajaungama.

Chakula hicho kiwe cha kawaida na kitulivu. Wali mweupe au viazi, supu ya kuku isiyo na chumvi nyingi, mboga zilizopikwa, ndizi, tikiti maji. Epuka pilipili, achari, samaki wa chumvi, vya kukaanga, na pombe. Malizeni mapema kidogo, kwa sababu saumu huanza kabla jua halijazama. Dakika chache za mchana huongezwa kwenye utakatifu wa usiku. Mezani, wazazi huwawekea watoto mikono kichwani na kuwabariki. Ni wakati pia wa mume na mke kuombana radhi, jambo ambalo wengi hulisahau wakikimbilia kwa watu wa mbali.

Kabla ya kutoka, zungukeni nyumba. Taa zitakazohitajika usiku ziachwe zikiwaka. Simu zizimwe, si kuwekwa kimya tu. Washeni mishumaa ya siku, na mwingine wa saa 24 au zaidi kwa kuwakumbuka waliofariki. Kama mshumaa wa namna hiyo haupatikani mjini kwenu, kandili yenye mafuta ya kutosha inafaa. Iwekwe juu ya sinia la chuma, mbali na pazia na mbali na watoto, maana hakuna atakayeizima. Moto huo mtauhitaji tena kesho usiku.

Makatazo matano

Mishna inayataja: kula na kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. Juu yake yanakuja makatazo yote ya Sabato: hakuna kazi, kupika, kuandika, kuendesha gari, kushika pesa, kuwasha wala kuzima.

Kuoga kunakokatazwa ni kwa raha. Aliyechafuka mkono kwa tope au kwa kumsafisha mtoto huosha palipochafuka. Asubuhi na baada ya kutoka chooni huoshwa vidole tu, hadi kwenye maungio. Kupiga mswaki na kusukutua hakuna. Mafuta, losheni na manukato vinawekwa kando.

Viatu huwatatiza wageni wanapomwona mzee aliyevaa suti nyeupe na kandambili miguuni. Ngozi ndiyo iliyokatazwa, basi makubazi ya Pwani, hata yawe mazuri namna gani, yanabaki nyumbani. Ndala za mpira, raba za turubai, na hata zile sandali za matairi tunazoziita katambuga au akala zinafaa, mradi mikanda yake nayo iwe ya mpira. Mkanda wa suruali wa ngozi hauna tatizo. Nguo nyeupe ni desturi nzuri. Katika jumuiya za Kiashkenazi wanaume huvaa kitteli, joho jeupe ambalo ndilo watakalozikwa nalo.

Usiku: Kol Nidre

Fika mapema. Kol Nidre, tamko linalofungua sala za usiku huu, huanza kungali na mwanga, na baadhi ya watu hujikuta wameikosa. Taliti, shali ya sala, ambayo mwaka mzima huvaliwa mchana, huvaliwa usiku huu na kubaki mabegani katika sala zote za siku. Hati za Torati hutolewa, waliozishika husimama pande mbili za kiongozi wa sala kama mahakama, na maneno ya Kiaramu husomwa mara tatu, sauti ikipanda kila mara. Yanatangua nadhiri na viapo ambavyo mtu amejiwekea mbele za Mungu akashindwa kuvitimiza. Hayafuti deni, mkataba, wala ahadi uliyompa mwenzako. Wasiotutakia mema walidai hivyo kwa karne nyingi huko Ulaya, na si kweli.

Katika sala ya jioni, mstari wa “Libarikiwe jina la utukufu wa ufalme wake”, unaonong'onwa mwaka mzima baada ya Shema, lile tamko la “Sikia, Israeli”, husemwa kwa sauti. Kisha linakuja ungamo, Vidui, litakalorudiwa katika kila sala mpaka kesho jioni. Limepangwa kwa herufi za alfabeti ya Kiebrania na limewekwa katika wingi: tumekosa, tumesaliti, tumepora, tumesengenya. Husemwa kwa kusimama, mwili umeinama kidogo, na ngumi ikigusa kifua taratibu kwa kila neno. Orodha ndefu, Al Het, ina mistari 44 kwa Waashkenazi, na mingi humo inahusu ulimi. Usiikimbize. Ukifika kwenye neno ambalo si lako, liseme kwa ajili ya aliye karibu nawe, naye atasema lako. Palipo na nafasi katika sala ya kimya, weka kwa Kiswahili yale ya daftari lako, kwa kichwa, bila kulishika.

Baadaye nenda ulale. Usikae kuzungumzia njaa.

Mchana, kutoka asubuhi hadi alasiri

Sala za asubuhi ni ndefu na wapo wanaochoka. Ni heri kukaa na kusoma kurasa chache kwa moyo kuliko kupiga mbio na kitabu kizima. Torati husomwa kutoka Walawi 16, ile kazi ya kuhani mkuu na mbuzi wawili, mmoja wa Bwana na mmoja wa Azazeli. Kisha Isaya sura ya 57 na ya 58 yanasomwa, naye anauliza waziwazi kama hii ndiyo saumu aliyoichagua Mungu, ya kuinamisha kichwa kama unyasi, na wakati huo mnawatoza wafanyakazi wenu. Anataka minyororo ifunguliwe, mwenye njaa apewe mkate, asiye na nguo avishwe. Walioweka somo hilo katikati ya siku ya kufunga walijua walichokuwa wakifanya. Jumuiya nyingi, hasa za Kiashkenazi, husoma Yizkori, sala ya kuwakumbuka wafu. Ambao wazazi wao wangali hai mara nyingi hutoka nje wakati huo.

Musafu, sala ya nyongeza, hubeba simulizi la Avoda: namna kuhani mkuu alivyoungama mara tatu, kwanza kwa ajili yake na nyumba yake, kisha kwa makuhani, mwisho kwa Israeli wote. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na tangu hapo simulizi hilo limechukua nafasi ya ibada yenyewe. Hapa watu hupiga magoti na kushusha nyuso hadi chini, tendo ambalo Wayahudi hawalifanyi siku za kawaida. Kama sakafu ni ya mawe au saruji, tandika kitambaa au karatasi kati ya uso wako na sakafu. Mwenye kizunguzungu abaki ameketi.

Kati ya saa saba na saa tisa mchana ndipo mwili hulegea. Kaa kivulini, pumzika, usitembee juani. Dalili za hatari ni kuchanganyikiwa, moyo kwenda mbio usitulie hata ukiwa umelala, kutapika, au kuzimia. Hapo saumu imekwisha kwako: kunywa, na wanaokuzunguka wasipoteze muda kutafuta ruhusa.

Alasiri husomwa kitabu cha Yona chote. Wengi hukumbuka samaki. Sisi tunakisoma kwa ajili ya Ninawi. Mishna ya Taaniti inaangalia kwamba maandiko hayasemi Mungu aliona magunia yao na kufunga kwao, yanasema aliona matendo yao, kwamba wameiacha njia yao mbaya. Ukifika hapo, pitia tena moyoni majina ya daftari, hasa yale ambayo hukuyafikia. Chagua moja na uamue siku utakayokwenda.

Kama uko peke yako, bila minyani ya watu kumi, sala za kibinafsi, ungamo, Zaburi na masomo haya yote unaweza kuyasoma mwenyewe. Yanayoachwa ni Kadishi na Kedusha, sala za kulitukuza jina la Mungu zinazosemwa mbele ya mkutano, na baraka za kusoma Torati hadharani. Abayudaya walisali kwa siri miaka ya 1970 Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, na wengi wakaiacha kwa hofu. Waliobaki walikuwa wachache, na leo mlima wa Nabugoye una sinagogi lililofunguliwa mwaka 2016. Anayefunga chumbani peke yake mjini Mwanza au Muscat asijione yuko nje ya jumuiya.

Neila na kufungulia

Sala ya tano, Neila, ipo siku hii peke yake katika mwaka wetu. Sanduku la Torati hubaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenye nguvu husimama muda wote. Maombi ya “utuandike” hubadilika kuwa “ututie muhuri”. Ajabu ni kwamba nguvu hurudi. Watu walionyong'onyea saa tisa huimba kwa sauti saa kumi na mbili. Mwishoni mkutano hutamka Shema mara moja, “Libarikiwe jina” mara tatu, na “Bwana ndiye Mungu” mara saba. Shofari hulia, na watu hupaza sauti: mwaka ujao, Yerusalemu.

Usinywe bado. Kwanza sala ya jioni, kisha Havdala, baraka ya kuitenga siku takatifu na siku za kazi, juu ya divai au maji ya zabibu. Moto wa Havdala usiku huu uwashwe kutoka kwenye ule uliokuwa ukiwaka tangu jana, ndiyo maana tuliitunza kandili. Manukato, ambayo ni kawaida ya Jumamosi usiku, hayatumiki, isipokuwa kama siku imeangukia Sabato, na hapo desturi zinatofautiana.

Fungulia pole pole: maji ya uvuguvugu kwa mafunda, tende mbili tatu, matunda, uji mwepesi au chai ya maziwa. Subiri nusu saa kabla ya chakula kizito. Aliyetumia dawa kwa ratiba ya saumu arudi kwenye ratiba yake usiku huo huo, kama daktari alivyomwelekeza.

Kwa rafiki au jirani asiye Myahudi: kabla ya siku unaweza kumwambia mwenzako “Gmar hatima tova”, yaani utiwe muhuri mwema. Usimpigie simu siku hiyo. Kula mbele yake si kosa lako, ila kumkaribisha chakula ni kumpa shida. Usiku ukimpelekea chungu cha uji umefanya jambo kubwa, mradi umeuliza kwanza anakula vya jikoni gani, maana wengi hushika kosheri, sheria za Kiyahudi za vyakula.

Baada ya kula, desturi ni kuanza kujenga kibanda cha Sukoti, Sikukuu ya Vibanda, usiku huo huo, hata kwa kusimamisha nguzo moja tu. Sikukuu yenyewe inaingia jioni ya tarehe 14 Tishri, kwa hiyo zimebaki siku nne za kukata matawi ya mnazi au majani ya migomba ya kuezekea, na yasitandazwe juu ya paa lililokwishajengwa: kibanda kikae wazi chini ya anga.